Kampuni iliita betri irudi. Wewe wa mtumba nani alikuita?

Mama Fundi anajibu maswali yenu ya kompyuta

Wasomaji wangu, mwezi uliopita kuna mmoja wenu aliuliza kama ni kweli kampuni za kompyuta huwa zinaita betri zirudishwe kwa sababu zinaweza kuwaka moto. Nilijibu kwa mistari minne kwamba ni kweli, nikapita. Barua zilizofuata zimenionyesha kuwa jambo hili halikustahili mistari minne. Ukurasa wote wa leo ni wa betri.

"Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mbunifu wa mabango. Mwaka jana nilinunua MacBook Pro ya inchi 15 Kariakoo, mtumba kutoka Marekani. Haijanisumbua hata siku moja. Sasa rafiki yangu anayesoma nje ananiambia mashine za aina hiyo ziliwahi kukatazwa kwenye ndege kwa sababu ya betri. Aliyeniuzia anasema hayo ni maneno ya biashara, wanataka watu wanunue mpya. Nimwamini nani?"
*Kijana wa Sinza, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Mwamini rafiki yako, ila usiishie hapo.

Tarehe 20 Juni 2019 Apple ilitangaza kuziita MacBook Pro za inchi 15 zenye skrini ya Retina, toleo la katikati ya mwaka 2015, zile zilizouzwa hasa kati ya Septemba 2015 na Februari 2017. Betri zake zinaweza kupata joto kupita kiasi na kuwaka. Marekani peke yake zilikuwa kama 432,000, na Kanada nyingine 26,000. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani, CPSC, iliandika kwamba ripoti zilizofika zilikuwa 26: watu watano waliungua kidogo, mmoja alivuta moshi, na mara 17 vitu vilivyokuwa karibu na mashine viliharibika. Maagizo yalikuwa mafupi. Acha kuitumia, angalia namba, ipeleke ubadilishiwe betri bure. Agosti ya mwaka uleule mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ikayakumbusha mashirika ya ndege kwamba betri iliyoitwa irudi haipandi ndege mpaka ibadilishwe. Hapo ndipo alipolitoa rafiki yako neno lake.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo sisi wa huku tunapoumia. Wito wa namna hii humfuata mnunuzi wa kwanza. Kampuni inayo barua pepe ya yule aliyenunua mpya dukani. Inamwandikia, gazeti la kwao linatangaza, redio ya kwao inasema. Lakini mwenye mashine keshaiuza. Imepita kwa mnada wa kompyuta za ofisi, imepakiwa kwenye kontena, imeshushwa bandarini, imefutwa vumbi, imewekwa kwenye meza ya kioo Kariakoo, na wewe umeichukua kwa furaha. Wito ulipiga hodi kwenye nyumba ambayo kompyuta ilishahama. Hakuna aliyekuficha kwa makusudi, na huyo muuzaji wako huenda hajui kabisa. Ndiyo maana nasema aliyenunua mtumba aufuate wito mwenyewe, kwa miguu yake, kwa sababu wenyewe hautamfikia.

Fanya hivi. Bonyeza alama ya tofaa kwenye kona ya juu kushoto ya skrini, fungua maelezo ya mashine. Ikiwa imeandikwa Retina, inchi 15, katikati ya 2015, endelea kusoma. Ikiwa ni ya 2013 au 2014, wito huu haukuhusu. Usitegemee ile A1398 iliyochapwa chini ya mashine, kwa sababu namba hiyo wanayo Retina wote wa inchi 15 tangu 2012. Unachotafuta ni namba ya mfululizo, ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu ambao mashine mbili hazishirikiani. Iko kwenye maelezo hayohayo na iko chini ya mashine kwa maandishi madogo ya kuchosha macho. Inakili bila kukosea hata herufi moja, kisha iangalie kwenye ukurasa wa Apple wenyewe au uipeleke kwa wakala wao. Usitumie tovuti ya mtu baki inayokuomba namba na nywila.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Namba ile ni ya mashine, si ya betri. Ikikutwa imo kwenye wito, inawezekana mwenye mashine wa kwanza aliipeleka, akabadilishiwa betri, na wewe una betri nzuri. Inawezekana pia hakuipeleka kamwe. Na inawezekana, hili ndilo linaloninyima usingizi, kwamba mtu wa tatu aliitoa betri ya kiwandani akaweka ya bei nafuu. Nimeshika bisibisi miaka 22. Niliwahi kufungua mashine ambayo mwenyewe aliniapia kuwa betri yake ni orijino, haijaguswa. Ndani nikakuta betri isiyo na jina la aliyeitengeneza, na juu yake kibandiko kimebandikwa juu ya kibandiko kingine. Nikakiinua kwa ukucha. Cha chini kilikuwa na mwaka tofauti na kiwango tofauti cha umeme. Betri kama hiyo haimo kwenye wito wowote duniani, kwa sababu hakuna anayekubali kuwa ni yake.

Kwa hiyo namba yako ikikutwa imo, izime, chomoa chaja, uniletee mimi au umpelekee fundi unayemwamini aifungue mbele yako. Mpaka hapo usiichaji. Najua una kazi za wateja. Azima mashine ya mtu wiki hii. Na huyo muuzaji usigombane naye. Mwonyeshe tangazo lenyewe, namba kwa namba, ili mteja wake mwingine asije akaondoka na swali kama lako.

"Mwanangu Fundi, habari za kazi. Mimi ni mstaafu wa bandari, nina miaka 71. Nakumbuka mwaka 2006 habari za Dell kurudisha betri kwa mamilioni zilivuma mpaka huku kwetu. Leo bado nasikia yaleyale. Hivi hawa hawajifunzi? Na ndani ya hiyo betri kuna nini hasa hata iwake?"
*Mstaafu, Tanga*

Shikamoo mzee wangu. Kumbukumbu yako ni sahihi. Tarehe 14 Agosti 2006 Dell iliziita betri milioni 4.1, na CPSC ikasema hakuna wito mkubwa kuliko huo uliowahi kutokea katika vifaa vya kielektroniki. Siku kumi baadaye Apple nao wakaita milioni 1.8. Septemba ikafuata Lenovo pamoja na IBM, betri kama 526,000, baada ya kompyuta moja kuwaka kwenye uwanja wa ndege wa Los Angeles. Zote hizo zilikuwa na seli, yaani vibetri vidogo vinavyopangwa ndani ya betri, zilizotoka mahali pamoja, kwa Sony. Hesabu ilipokwisha ilikuwa karibu betri milioni 9.6.

Kuhusu kilichomo ndani. Betri za kompyuta za wakati ule zilikuwa na seli za duara, kila moja na unene wa milimita 18 na urefu wa 65, kubwa kidogo kuliko betri ndogo ya AA, ile ya saa ya ukutani. Ukitazama seli iliyokatwa (usikate wewe, mzee wangu) utaona kitu kama jamvi lililokunjwa. Kuna ukanda wa shaba uliopakwa dawa moja, ukanda wa alumini uliopakwa dawa nyingine, na katikati yao utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Vyote vimeloweshwa kwenye kimiminika kinachoshika moto upesi. Kazi ya utando ule ni kuwatenganisha hawa wawili wasigusane. Wakigusana, seli inapiga shoti kwa ndani.

Shoti ya ukutani unaikata kwa swichi. Shoti ya ndani ya seli haina swichi. Joto linapanda, joto hilo linaamsha mabadiliko mengine ya kikemia ambayo nayo yanazaa joto, na mambo yanakwenda hivyo hadi seli inapasuka na kutoa mvuke unaowaka. Seli ya jirani inaungua kwa joto la mwenzake, nayo inafuata. Ndiyo maana wanaoona moto wa betri wanasema ulizima ukawaka tena. Haukuwaka tena, ilikuwa zamu ya seli nyingine.

Kosa la 2006 lilikuwa vipande vidogo mno vya chuma vilivyoingia ndani ya seli wakati wa kutengenezwa kiwandani. Macho hayavioni. Kipande kimoja kikikaa vibaya kinaweza kutoboa ule utando. Na tazama hesabu hii, mzee wangu: Dell iliita betri milioni 4.1 ikiwa na ripoti 6 za kupata joto kupita kiasi, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ameumia. Sita. Mtu wa haraka atasema kampuni ilitishika bure. Mimi naona walifanya sawa kabisa. Kipande kile cha chuma huwezi kukijua kimo kwenye betri ipi mpaka siku inapowaka, na siku hiyo huenda mtoto amelala chumba hichohicho.

Kama wanajifunza? Wanajifunza, lakini kila kosa huja na sura yake. Februari 2018 Lenovo waliita ThinkPad X1 Carbon za kizazi cha tano, kama 78,000 Marekani. Betri zake hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa skrubu moja iliyoachwa bila kufungwa ndani ya mashine, ambayo inaweza kuchimba betri. Skrubu! Tangu nisome habari ile, kila mashine ninayoifunga nahesabu skrubu kwenye kisahani cha sumaku kabla ya kurudisha mfuniko. Ikibaki moja, nafungua upya.

"Mama Fundi, mimi ni mwalimu. Shule yetu ilipewa msaada wa kompyuta mpakato 18 za HP, ProBook nyingi, zilizotumika ofisini Ulaya. Aliyetuletea alisema betri zilishaangaliwa mwaka 2016 zikaonekana salama. Nina wasiwasi kwa sababu tunazifungia kabatini zote pamoja usiku. Nifanye nini?"
*Mwalimu, Kigoma*

Mwalimu, wasiwasi wako ni wa haki, na mwaka uliotajwa ndio unaonifanya nikujibu kwa urefu.

Juni 2016 HP waliita betri kama 41,000 Marekani, zilizouzwa na kompyuta au peke yake. Januari 2017 wakaongeza kama 101,000. Katika tangazo hilo la pili walisema wazi kuwa hata aliyeangalia mwaka 2016 akaambiwa betri yake haimo, aangalie tena, kwa sababu orodha imepanuka. Kwa hiyo neno "zilishaangaliwa 2016" halikutoshi hata kidogo. Januari 2018 kukawa na wito mwingine wa betri kama 50,000, safari hii zikiwemo ProBook za mfululizo wa 640 na 650, na Machi 2019 wakaongeza tena 78,500.

Tofauti ya hizo za 2018 ni kwamba betri nyingi zimefungiwa ndani, mtumiaji hazitoi kwa mkono. Ndipo HP wakatengeneza programu ndogo ya kuweka betri katika hali ya usalama: betri inajimaliza umeme, haikubali tena kuchajiwa, na kompyuta inaendelea kufanya kazi kwa chaja peke yake mpaka betri ibadilishwe. Kwa shule hilo ni jambo la maana sana. Hamtakosa vipindi.

Sasa kazi yako. Chukua daftari, chora safu nne: namba ya mfululizo ya mashine, jina la toleo, namba iliyoandikwa kwenye betri yenyewe, na tarehe uliyoangalia. Kwa zile ambazo betri inachomoka kwa chini, izime mashine, toa betri, ipige picha kwa simu upande wenye kibandiko. Usisome kwa macho peke yake. Picha unaweza kuikuza. Halafu ziangalie moja moja kwenye ukurasa wa HP. Kumi na nane ni kazi ya Jumamosi moja, na wanafunzi wakubwa wanaweza kukusaidia kuandika.

Kuhusu kabati. Naomba usizirundike. Betri moja ikichemka kwenye rundo, ina kumi na saba za kuambukiza. Ziache zimesimama zikiwa na nafasi kati yake, zimezimwa, hazipo kwenye chaja, na kabati lisiwe ndani ya bweni wala kwenye mlango wa pekee wa kutokea. Likizo ndefu ziache na chaji kama nusu, zisijae wala zisikauke. Na yule aliyewaletea msaada mwandikie barua ya heshima, umwambie orodha ilipanuka baada ya 2016. Huenda amezipeleka na shule nyingine.

"Assalaam aleikum Mama Fundi. Betri ya kompyuta ya binti yangu imevimba, ile sehemu ya kugusia kipanya imeinuka mpaka haibonyezeki. Fundi wa mtaani kwetu asema ataitoboa kwa sindano itoe hewa, kisha itatumika kama kawaida. Ni sawa?"
*Mama wa Likoni, Mombasa*

Waalaikum salaam dada yangu. La, si sawa. Hapana kabisa. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma, mwambie binti aizime na achomoe chaja.

Ile si hewa ya kawaida. Kimiminika cha ndani kimeanza kuharibika na kutoa gesi, na gesi hiyo inashika moto. Sindano inapoingia inatoboa mfuko, na inatoboa pia ule utando niliomweleza mzee wa Tanga. Unakuwa umetengeneza kwa mkono wako kosa lilelile ambalo viwanda viliita mamilioni ya betri kwa ajili yake.

Nisikuambie kwa vitabu. Kwenye karakana yangu kijana aliyekuwa akijifunza kazi alikuwa anaondoa betri iliyovimba. Ilikuwa imegundishwa. Badala ya kuilainisha gundi na kutumia kadi ya plastiki, alichukua bisibisi bapa akasukuma kwa chini. Nilisikia "psss", kama mtu anayefungua soda polepole. Kisha ikaja harufu tamu, kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nilimpigia kelele atoke. Moshi mweupe ukatoka mzito, ukafuata moto wa rangi ya chungwa uliolia kama jiko la mafuta. Niliisukuma ile mashine nzima nje kwa ubao mrefu, tukaimwagia maji ndoo nne, tukasimama mbali. Ilitulia, ikafuka tena, tukamwaga nyingine. Kijana alikohoa siku mbili na nilimpeleka zahanati, kwa kuwa moshi ule una sumu ya mapafu. Meza bado ina alama nyeusi ukubwa wa sahani. Sikuipiga randa. Kila anayekuja kujifunza kwangu namwonyesha kwanza alama hiyo, ndipo namwonyesha vifaa.

Huyo fundi wenu mtafutie mbadala. Fundi wa kweli ataizima mashine, atachomoa waya wa betri kwenye bodi kabla ya jambo lolote, ataitoa kwa plastiki bila kuikunja, atafunika vichwa vyake vya umeme kwa tepu, na ataiweka kwenye bati au ndoo yenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na jua. Usiitupe kwenye taka za nyumbani. Gari la taka linabana mzigo, na betri ikibanwa inawaka. Kwenu Kenya wanaopokea taka za kielektroniki wanapewa leseni na NEMA, mamlaka ya mazingira, waulize aliye karibu nawe.

Ikitokea imeshika moto kabla hujafika huko, watoe watu kwanza, watoto mbele. Kama njia iko salama kata umeme kwenye swichi kuu. Maji mengi ndiyo yanayosaidia, kwa sababu shida kubwa ni joto na maji yanapoza. Usiifunike kwa blanketi wala usiweke barafu, maana vinalizuia joto lisitoke. Na moshi ukijaa, acha mashine iungue, toka nje, ita zimamoto. Kwetu Tanzania ni 114. Ninyi Kenya pigeni 999. Kompyuta itanunuliwa nyingine.

Umeniuliza pia kwa mstari mmoja kama betri iliyovimba ina maana kampuni iliiita. Si lazima. Nyingi huvimba kwa umri na joto tu: kompyuta inayoachwa kwenye gari juani, au inayotumiwa juu ya godoro mpaka matundu yake ya hewa yanazibwa, au inayokaa kwenye chaja miezi bila kuchomolewa. Ila angalia namba hata hivyo.

"Bi Fundi, naenda Muscat kumtazama dada yangu aliyejifungua. Nimebeba kompyuta ya mtumba na betri yake ya akiba, pamoja na pawabenki mbili. Naweza kutia vyote kwenye begi kubwa la chini ili mkononi nibaki na mtoto?"
*Mama wa Bububu, Zanzibar*

Hongera kwa dada. Begi la chini hapana, bibie. Betri ya akiba na pawabenki haviruhusiwi kabisa kwenye mizigo inayokwenda tumboni mwa ndege. Vinakwenda nawe juu. Kompyuta nayo ibebe mkononi. Sababu ni hii: juu kuna watu. Mhudumu akiona moshi atafika na maji. Chini hakuna mtu.

Gharama ya hilo ilijulikana karibu na huko unakokwenda. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliruka kutoka Dubai kwenda Cologne, Ujerumani. Ndani ya shehena yake mlikuwa na betri nyingi za lithiamu. Moto ulizuka ikiwa angani, moshi ukajaa mpaka marubani hawakuona vyombo vyao. Waligeuza kurudi Dubai, hawakufanikiwa kutua. Wote wawili walikufa. Tangu Aprili 2016 betri hizi zikiwa peke yake haziruhusiwi kusafirishwa kama shehena kwenye ndege za abiria.

Ukubwa wa betri unaupata kwa kuzidisha. Kibandiko kinaonyesha volti na mAh. Ikiwa ni volti 11.1 na mAh 4400, gawanya 4400 kwa 1000 upate 4.4, kisha chukua 11.1 zidisha kwa 4.4, unapata kama 49, ndizo wati-saa. Mwisho bila kuomba ruhusa ni 100. Kati ya 100 na 160 unaliuliza shirika kwanza. Zaidi ya hapo haipandi. Ile MacBook ya kijana wa Sinza ina 99.5, imesimama ukingoni kabisa. Vichwa vya betri ya akiba vibandike tepu, au uiweke kwenye mfuko wake peke yake, isigusane na funguo wala sarafu.

Umesema kompyuta ni ya mtumba. Basi kabla ya safari angalia namba yake kama nilivyomweleza kijana hapo juu, kwa kuwa iliyoitwa irudi na haijabadilishwa betri haina ruhusa ya ndege hata ukiibeba mkononi. Usingoje kuulizwa uwanjani na mtoto mgongoni. Igeuze sasa hivi, piga picha ya kibandiko cha chini mchana kwenye mwanga, unitumie. Nitakujibu usiku huohuo.